Kipira Mkononi mwa Bwana Tulia

Kwenye studio ya Kipira mtu haambiwi atabasamu. Haambiwi anyanyue kidevu wala afunge mdomo. Anakalishwa kwenye kiti cha mbao kisicho na mikono, anapewa kipira cheusi cha ukubwa wa limau kilichoungwa kwa mrija mrefu mpaka kwenye kamera, kisha anaambiwa neno moja tu: "Ukijiona ni wewe, bonyeza." Kando ya kamera pamesimama kioo kirefu kuliko mtu. Mteja anajitazama humo, anajitengeneza, anachoka kujitengeneza, anasahau. Hapo ndipo wengi hubonyeza.

Filamu yake ni ya picha kumi na mbili. Nne za kwanza, husema Kipira mwenyewe, mpiga picha aliyebandikwa jina la hicho kipira chake, ni za majirani. Nne zinazofuata ni za mama mkwe. Zinazobaki, Mungu akipenda, ndizo za mwenye sura.

Yeye hukaa kwenye kigoda, daftari gotini, akipiga soga na mteja, na kila kipira kinapobonyezwa anaandika namba na maneno yaliyokuwa mdomoni mwa mtu wakati ule. Kesho yake mteja anarudi, anaziona picha zote kumi na mbili zikiwa ndogondogo kwenye karatasi moja, anachagua moja. Kipira anamsomea maneno yake. Akiyakubali, anatia saini nyuma ya picha: Nimejiona, nimekubali. Zile kumi na moja negativu zake zinakatwa vipandevipande mbele ya macho yake, kwa mkasi mkubwa wa kitambaa. Iliyochaguliwa hutoka na maneno yake chini, wala haitoki bila hayo. Na mpaka fremu ivuke kizingiti, mteja ana haki ya kughairi, akapewa mkasi aikate mwenyewe.

Watu husema ni upole wake huo. Hawamjui. Upole angeuweka wapi, mwanamke aliyeanza kwa kuuza fremu tupu mlango kwa mlango, na kamera yake ya kwanza akaipata kwa mjane wa mpiga picha baada ya kukaa kibarazani pake siku tatu akikataa chai na kukataa bei. Kanuni zile alizitunga kwa chuki. Chuki ikitunzwa vizuri ni kama chumvi, haiozi.

Mama yake alikuwa fundi cherehani mtaa wa nyuma ya soko. Chumba kimoja, mashine ya kukanyaga, na ulimi uliochoma kuliko sindano. Mteja akileta kitambaa pungufu na kudai kinatosha, mama alimjibu kinatosha sana, kwa mdogo wako. Mwaka mmoja kazi ilichanganya, akataka kibao cha mlangoni chenye picha yake. Akavaa gauni alilolishona mwenyewe, akaenda kwa mpiga picha mkubwa wa enzi hizo.

Mpiga picha huyo walimwita Bwana Tulia. Alikuwa na mtindo wake: anakishika kidevu cha mtu kwa vidole viwili, anakizungusha kama kitufe cha redio, anasema, "Tulia." Na watu walitulia. Mawaziri, maiti watarajiwa, maharusi, wote walitoka kwake na sura moja, sura aliyowachagulia yeye.

Mama aliambiwa mwanga bado. Akaambiwa asimame uani, kwenye ukuta wa chokaa, asitoke, mwanga unaweza kuja wakati wowote. Akasimama. Adhuhuri Bwana Tulia akatoka na kamera, akapiga picha moja tu, akaingia ndani. Mama aliporudi kuichukua akaambiwa filamu imeungua. Akarudi tena, filamu bado imeungua. Akaachana nayo.

Miezi miwili baadaye bango likabandikwa kwenye kila duka la dawa. Lilikuwa tangazo la dawa ya ini. Kulia palikuwa na mwanamke mnene anayecheka, hakuna aliyemjua, chini yake neno BAADA. Kushoto alikuwa mama, macho yameingia ndani, midomo imekauka, jasho linang'aa usoni, chini yake neno KABLA.

Alikwenda kudai. Bwana Tulia alimsikiliza huku akifuta lenzi, kisha akamwambia: "Picha ni ya aliyeipiga, sura ni ya Mungu. Wewe hapo unadai nini?"

Wateja hawakukatika siku moja. Kwanza waliacha kunywa maji yake. Halafu hawakutaka awapime, wakawa wanaleta vipimo kwenye karatasi na kusimama mlangoni. Halafu hata karatasi hazikuja. Mtaani aliitwa Kabla, na bintiye akaitwa Wa Kabla, hata darasani. Mama akatundika pazia katikati ya chumba, akawa anashona nyuma yake, mkono tu ndio unaotoka kupokea kitambaa. Akaishi hivyo miaka kumi na tisa. Ini lake lilikuwa zima kabisa, kilichomuua ni kitu kingine.

Siku ya msiba watu wakaomba picha ya marehemu. Haikuwepo ila ile. Binti akachukua mkasi wa mama yake, akalikata bango katikati, akalikata na lile neno la chini, akaiweka sura iliyobaki juu ya meza. Watu wakamuaga mwanamke mwenye kiu. Nao mkasi, binti akauchukua. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kwa hiyo, siku katibu wa chama cha wapiga picha alipopanda ngazi za studio akihema, Kipira alikuwa amengoja miaka mingine ishirini. Katibu alikuwa mama wa mwili mkubwa, na kicheko chake humtangulia chumbani. Akaeleza kwamba chama kinafungua ukumbi wake mpya, na kwenye ukuta wa kuingilia inatakiwa picha kubwa ya mzee wa fani, ambaye ni nani tena kama si Bwana Tulia. Na mzee mwenyewe ameitaka studio hii, maana anasikia habari za kipira na anataka kuuona huo mchezo.

Kipira akauliza kama mzee atakubali kanuni, picha pamoja na maneno.

"Yule?" katibu akasema. "Yule kwa kusifiwa, hata jenezani atakaa wima."

Kipira hakucheka. Alitoa karatasi, wakaandikishana kwamba chama kitaitundika picha kama itakavyotoka, na maneno yake chini, kwa muda wote ukumbi utakapokuwa umesimama. Katibu akatia saini akisema dada, wewe na karatasi zako. Alipokwisha teremka ngazi, Kipira akaenda kabatini akalitoa lile nusu bango.

Akalitundika kando ya kioo, mahali ambapo jicho la mteja aliyechoka kujitazama huenda kupumzika. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mzee ataiona ile sura, atashtuka, na kipira kiko mkononi. Mshtuko wa mtu aliyenaswa ndio utakaokaa ukumbini milele, na saini yake nyuma. Mwosha naye huoshwa.

Bwana Tulia alikuja asubuhi, suti ya kijivu, amekamatwa kiwiko na bintiye, mkunga wa makamo aliyezoea kuwaambia watu wazima la kufanya. Kipira alimwamkia shikamoo, na shikamoo ile ilimtoka kama jiwe kwenye mchele. Mzee hakumtambua. Angemtambuaje? Alikuwa ameshika videvu elfu ngapi.

Akakigeuzageuza kipira mkononi. "Yaani mimi nifanye kazi, wewe ule?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kila mtu na ujanja wake."

"Enzi zetu mteja alikuwa anatulia tu."

"Nimesikia," Kipira akasema, akakaa kwenye kigoda chake.

Picha saba za kwanza zilikwenda bure. Mzee hakujua kukaa. Alikuwa mtu wa nyuma ya kamera, na mbele yake alikuwa kama samaki juu ya meza. Akajishika kidevu kwa vidole vyake viwili, akakizungusha kushoto, akakizungusha kulia, na bintiye alimsikia akijiambia chinichini, "Tulia, tulia." Kila alipobonyeza alikuwa na sura ile ile aliyowapa wengine maisha yake yote, sura ya mtu anayesubiri kuruhusiwa kupumua. Alipoiona kwenye kioo akachukia, akageuza macho.

Macho yakatua kwenye bango.

Akayafinya. Akainama mbele. Kipira alishika kalamu ya risasi, akangoja aibu.

Aibu haikuja. Uso wa mzee ulifunguka taratibu kama duka asubuhi, ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka akawa anacheka kicheko cha ndani kabisa, akamgonga bintiye begani. "Ile kazi yangu ile. Umeipata wapi wewe? Itazame hiyo ngozi, itazame inavyowaka. Wenye dawa walikuja wananiambia tafuta mgonjwa. Mgonjwa wa nini? Huyu alikuwa mzima kabisa, fundi cherehani wa nyuma ya soko, amekuja na gauni zuri. Nilimweka juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, maji hakupata, mpaka uso ukaiva. Ugonjwa ule niliutengeneza mimi."

Akabonyeza.

Bintiye alikuwa ameacha kutabasamu. "Baba, si ulituambia yule mama alikuwa anaumwa kweli?"

"Mgonjwa hatulii, mwanangu. Mgonjwa anatikisika, picha inatoka na ukungu. Mzima ndiye anayejua kuumwa vizuri mbele ya kamera."

Kipira aliandika. Namba nane, na maneno yote, tangu wenye dawa mpaka niliutengeneza mimi. Kalamu ilizama mpaka ukurasa wa tatu. Miaka yote alifikiri mama yake alisahauliwa uani, kwamba ulikuwa uzembe wa mtu mkubwa mwenye wateja wengi, na kwamba picha mbaya ilipotokea likaonekana soko lake. Hata mama mwenyewe aliamini hivyo. Alikufa akisema labda angegonga mlango kuulizia mwanga. Kumbe alipikwa. Mmoja aliwekwa juani ili mwingine ale kivulini.

Alikuwa na jambo la kusema hapo, na mkasi ulikuwa juu ya meza. Lakini biashara ilikuwa inakwenda vizuri kuliko alivyopanga, na asiyejua kunyamaza bei inapopanda hajui kuuza. Akasema, "Bado nne, mzee." Mzee akazimaliza, amerudia sura yake ya kungoja ruhusa.

Kesho yake walirudi. Karatasi ya picha ndogondogo ilikuwa mezani, chini ya kioo cha kukuzia. Bwana Tulia hakuhitaji kukuziwa. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye namba nane, kikabaki hapo. Akaitazama kwa muda mrefu, kama fundi anavyoitazama kazi ya fundi mwingine, anatafuta kasoro, haipati. Mzee alikuwa hai pale. Alikuwa mcheshi, mjanja, mwenye furaha ya mtu aliyefaulu. Kila aliyemjua angesema, huyo ndiye.

Kipira akamsomea maneno, polepole, neno kwa neno. Akamweleza kwamba yatakaa chini ya picha kwa herufi kubwa, na kwamba akiona hayamfai aseme sasa.

"Yaache hivyo hivyo," mzee akasema. "Vijana wa siku hizi wanadhani picha ni kubonyeza tu. Wajifunze."

Mkunga alimgusa mkono. "Baba, fikiria."

"Nimeshafikiria."

Akatia saini, herufi za zamani zenye mikia. Kipira akachukua ukanda wa negativu, akaitoa ya nane akaiweka kando, kisha akazikata zile kumi na moja. Mkasi ulilia kwa sauti yake nzito, na vipande vikaanguka kwenye ndoo. Mzee alikuwa anautazama.

"Huo si mkasi wa picha. Wa fundi cherehani huo."

"Ndiyo," Kipira akasema. "Wa mama yangu." Akaelekeza ncha ya mkasi kwenye bango. "Yule pale."

Mkunga alikaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Bwana Tulia alitazama bango, akamtazama Kipira, akatazama bango tena, na safari hii alikuwa anapima vitu vingine, taya, paji la uso. Alikuwa na jicho zuri, hilo hakuna wa kumnyima. Lilichelewa tu miaka thelathini na tisa.

"Unataka nini?" akauliza.

"Nimeshapata."

"Naikataa hii picha."

"Ni haki yako, mzee. Haijavuka mlango." Kipira akaichukua negativu ya nane, akaiweka kwenye kiganja cha mzee, akaugeuza mkasi akampa mpini. "Kata mwenyewe. Mama hakuulizwa, wewe unaulizwa. Ukikata, ukuta wa ukumbi utabaki mtupu, na katibu atakapouliza nitamwambia ulighairi. Sababu utamweleza wewe."

Mzee akaenda dirishani. Akainua kile kipande dhidi ya mwanga, na mkasi akaufungua. Kwenye negativu meno huwa meusi na nywele nyeusi huwa nyeupe, lakini yeye alikuwa amesoma sura kwa namna hiyo maisha yake yote, wala hakuhitaji tafsiri. Mpiga picha ndiye mtu asiyekuwemo kwenye picha za nyumba yake. Harusi yake ilipigwa na mwanafunzi, ikatoka na ukungu. Watoto wake walikua wakitazama kamera na yeye yuko nyuma yake. Hii ilikuwa picha moja ya kweli aliyowahi kupigwa, na alijua, kuliko yeyote chumbani mle, kwamba hakuna nyingine itakayotoka hivyo.

Mkasi ulibaki wazi. Haukufunga.

Kipira alikuwa amelijua hilo tangu alipomwona anaitazama karatasi. Mwongo anaweza kuchoma ushahidi, mwizi anaweza kutupa mali, lakini fundi hakati kazi nzuri, hata ikiwa imemfunga kamba shingoni. Alikaa kwenye kigoda chake, mikono gotini.

"Ondoa maneno," mzee akasema, mgongo umewageukia.

"Maneno si yangu, ni yako."

"Basi usiseme nilimweka. Sema alikaa juani."

"Alikaa, au ulimweka?"

"Andika nilimweka basi, kwa muda tu."

"Asubuhi mpaka adhuhuri ni muda gani, mzee?"

"Toa hilo la maji angalau."

Kipira alikuwa mtu wa kupatana. Aliwahi kupunguziana na muuza misumari mpaka wote wawili wakasahau wananunua nini. "Kila siku bei yangu inapungua," akasema. "Leo haipungui."

Mkunga ndiye aliyemaliza. Alisimama, sauti yake ile ya wodini. "Baba, kata au acha. Usipatane bei na mtoto wa yule mama."

Mzee akauweka mkasi mezani taratibu, na negativu juu yake, nzima. Kisha akatafuta mlango kama mtu aliyefika chumbani mle mara ya kwanza.

Siku ya kufungua ukumbi picha ilikuwa pale, kubwa kama mlango. Kicheko chake kiliambukiza. Watu waliingia, wakamwona mzee anavyocheka, wakaanza kucheka naye kabla hawajajua anacheka nini. Halafu macho yakateremka kwenye maneno. Bwana Tulia alikuwa amekalishwa kiti cha heshima chini ya picha yake, na kila aliyekuja kumpa mkono alisoma kwanza. Kufika kwenye maji hakupata, mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Mpaka mchana alikuwa ameshika mikono saba, mitatu ya watu wasiojua kusoma.

Akina mama wa mtaa wa nyuma ya soko walikuja pia, habari ikishawafikia. Mmoja wao, mzee sasa, aliyewahi kuleta vipimo kwenye karatasi na kusimama mlangoni, alifuata herufi kwa kidole mpaka mwisho. Akamgeukia Kipira. "Tulimkimbia mtu mzima kabisa."

Alikuwa anangoja aambiwe si kosa lenu, mlidanganywa. Kipira akamjibu, "Ndiyo. Mlimkimbia."

Haikupita wiki, jina la Tulia likafa. Madukani walimwita Juani. Juani huyo anapita. Juani, jua kali leo, utaiva. Wenye maduka ya dawa ndio walioongoza.

Mwezi wa pili mkunga alipanda ngazi za studio, peke yake. Hakukaa. Alisema hakuja kumtetea baba yake, kwa alichokifanya hana la kumtetea. Alikuja kuuliza tu kama inawezekana kuishusha picha, au kuyafunika maneno. Mzee hatoki tena. Mchana kutwa yuko nyuma ya pazia la chumba chake, mtu akija kumsalimia anatoa mkono tu.

Kipira alikuwa anafuta kioo. Alifuta mpaka chini, akakunja kitambaa.

"Picha ikishavuka mlango si yangu tena. Ukuta ni wa chama, waulize wao."

"Na mimi nimwambie nini?"

Nje mteja wa saa nne alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Kipira akachukua kipira mezani, akakikagua kama kina tobo, akaona hakina.

"Mwambie atulie," akasema. "Ni miaka kumi na tisa tu."